Kigari cha Mtoto na Njia ya Kwenda Baharini

Mwezi uliopita nilipata ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi wa umma. Alianza kwa shikamoo, akauliza hali ya nyumbani, kisha akaniomba ushauri ambao katika miaka yangu yote ya ualimu sijapata kuombwa: anunue kigari gani cha kumpelekea mtoto ufukweni. Mtoto ana miezi saba. Mama alijifungua kwa upasuaji, na tangu siku ile mgongo haujamrudia. Akimfunga mtoto kwa mbeleko, dakika kumi ni nyingi. Daktari amemsisitiza atembee. Nyumba wanayopanga, kwa joto hili la kaskazi, hugeuka tanuri ifikapo saa tano. Akaona ni afadhali atembee penye upepo, na mtoto akue akiijua bahari ambayo yeye mama, mzaliwa wa Dodoma, aliiona mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 20. "Mwalimu," aliandika, "wewe umelea wajukuu na unapenda kuchunguza vitu. Cha magurudumu matatu au manne?"

Niliusoma ujumbe ule kwa sauti mbele ya wenzangu wakati wa chai. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Mwenzetu mmoja, msomi aliyeandika kurasa nyingi juu ya ukombozi wa fikra, alicheka mpaka akatua kikombe chini. "Kigari? Mchangani? Huo ndio uzungu tunaousema kila siku. Bibi zetu walitubeba kwa kanga, na tumekua." Wengine wakaitikia. Mimi nami nikacheka, na hilo ndilo kosa la pili, lililonifanya niandike makala hii.

Tuanze na hoja ya uzungu, maana ndiyo inayotumika kufunga mijadala ya namna hii kabla haijaanza. Ni kweli kwamba kigari cha mtoto kilizaliwa katika anasa. Mwaka 1733 William Kent, msanifu wa bustani na majumba huko Uingereza, alimtengenezea Duke wa Devonshire kijigari cha kuwatembeza watoto wake bustanini, na aliyefungwa kukivuta alikuwa mnyama mdogo. Hakikuwa chombo cha mama aliyechoka. Kilichokifanya kiwe cha watu wa kawaida ni kazi ya Owen Maclaren, mhandisi aliyewahi kushughulikia magurudumu ya kutulia ya ndege za kivita. Mwaka 1965 alibuni kigari chepesi cha alumini kinachokunjika kama mwavuli, ili mzazi akibebe kwa mkono mmoja na kupanda nacho garimoshi au ndege. Kwa hiyo ndiyo, kinatoka kwao. Lakini kanga yenyewe tunayoiapia imetoka wapi? Jina lake la pili, leso, tumelipata kwa Wareno, na kwa miongo mingi kanga za mwambao wetu zilichapwa Uholanzi, Manchester, India na Japani, zikaja kwa meli zikiwa na maneno ya Kiswahili yaliyoagizwa na wafanyabiashara wa hapa. Hakuna aliyesema bibi zetu walikuwa wanaiga. Walikichukua kitambaa kile, wakakitia akili yao, kikawa chao. Kwa nini binti zao wanyimwe haki hiyohiyo mbele ya magurudumu manne?

Sisemi haya kuidharau mbeleko. Mbeleko ni chombo cha ajabu. Haina skrubu ya kulegea, inapita matopeni na kwenye mlango wa daladala, na mtoto husikia mapigo ya moyo wa mama yake na kulala. Mwenye mgongo mzima na aitumie, na aitumie kwa fahari. Ninachokataa ni mbeleko kugeuzwa udhuru. Angalieni ni nani wanaoisifu kwa sauti kubwa: ni wanaume ambao hawajapata kufunga mtoto mgongoni hata kwa mzaha, na ni familia za watu wenye mishahara ambako mgongo unaosifiwa si wa mama wala wa baba bali ni wa dada wa kazi, msichana wa miaka 17 aliyeletwa kutoka mkoani. Nimewaona wanaume wengi wanaoona haya kuvaa mbeleko wakisukuma kigari bila wasiwasi wowote, pengine kwa sababu kina usukani na magurudumu. Sababu ni ya kipuuzi, lakini mtoto anatembezwa na mama anapumzika, nami sitaigombeza.

Kuna jambo zito zaidi. Tunaposema "mama atabeba", tunazifutia halmashauri zetu deni. Mji usio na njia ya waenda kwa miguu, wenye mitaro iliyo wazi na vivuko visivyovukika, unaweza kuendelea hivyo kwa miaka 50, kwa sababu kila kilichotakiwa kupita kwenye barabara kinapita kwenye mgongo wa mwanamke. Mtoto yuko mgongoni, ndoo kichwani, mboga mkononi. Mgongo ule umekuwa barabara ambayo hakuna wakala anayeikarabati, na ukivunjika, anaitwa mwenye mgongo huo aeleze kwa nini anataka kuishi kizungu.

Sasa nimjibu binti yangu alichouliza, maana alistahili jibu siku ileile.

Mchanga mkavu unajali upana wa gurudumu, haujali chapa. Uzito uleule ukitua juu ya eneo dogo, huzama. Ukitandazwa juu ya eneo kubwa, hubaki juu. Vigurudumu vya plastiki vya vigari vingi vinavyopangwa kwenye maduka yetu makubwa vilitengenezwa kwa ajili ya vigae vya maduka hayohayo. Vikifika ufukweni huchimba, mchanga hujikusanya mbele yake, na anayesukuma hujikuta anasukuma kilima kidogo kinachokua kila hatua. Anayenunua kigari cha namna hiyo kwa ajili ya bahari amenunua picha ya mtandaoni. Kinachotakiwa ni gurudumu kubwa, pana, la mpira wa kujazwa upepo, nao upepo wenyewe upunguzwe kidogo ukifika mchangani ili mpira utanuke chini. Matatu au manne si hoja kubwa. Vile vya magurudumu matatu vilianza kupata umaarufu miaka ya 1980 huko Marekani, pale Phil Baechler alipofunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari cha mwanawe ili aweze kukimbia naye. Ni vizuri mchangani kwa sababu ya ukubwa wa magurudumu yale, si kwa hesabu yake. Lililo muhimu ni kwamba gurudumu la mbele linalozunguka lifungwe lisizunguke, maana likiachwa huru hugeuka ubavu na kugoma. Na mchanga ukizidi nguvu, usisukume, geuka uvute. Ukisukuma, mikono yako inaishindilia chini ncha ya mbele. Ukivuta, unaiinua.

Kwa ushahidi wa mambo haya huhitaji kwenda mbali. Watazame vijana wa mikokoteni pale Kariakoo. Hakuna hata mmoja aliyefunga vigurudumu vidogo vya plastiki. Wamefunga matairi ya gari, kwa sababu wao ndio wanaosukuma, na anayesukuma huijua fizikia kwa mabega. Mtazame muuza madafu anavyoikokota baiskeli iliyojaa, jinsi anavyotafuta ule ukanda wa mchanga wenye unyevu ulioshikana na kuukwepa mkavu.

Ukanda huo ndio siri kubwa kuliko kigari chenyewe, na ratiba yake imeandikwa mwezini. Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita tatu. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na kupwa mnamo saa nne. Maana yake mchanga mgumu hujitokeza asubuhi wakati jua linaanza kuunguza, na jioni, wakati watu wanapenda kwenda, bahari imeufunika na kumwachia mwenye kigari mchanga mkavu wa juu tu. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, saa hugeuka: maji hupwa mnamo saa kumi alasiri, ingawa hayaendi mbali, na jua linapolegea ukanda ule uko wazi. Mvuvi yeyote angemwambia haya bila malipo. Sisi tuliosoma tunaijua saa ya kufunga ofisi.

Mengine nitayasema kwa haraka. Mtoto afungwe mikanda yote mitano: ya mabegani, ya kiunoni na ule wa katikati ya miguu. Breki ifungwe kila unaposimama, hata kwa sekunde, kwa sababu upepo wa bahari ukiingia kwenye paa la kigari hulifanya tanga. Usitundike mkoba mzito kwenye mpini. Mtoto akitolewa, kigari huanguka kinyumenyume, na siku nyingine huanguka naye akiwa ndani. Fremu ya alumini huvumilia chumvi kuliko ya chuma, lakini skrubu zake mara nyingi ni za chuma, kwa hiyo kioshwe kwa maji ya bomba siku ileile. Na tafadhali, usikifunike kigari chote kwa kanga ili kuzuia jua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo yao mwaka 2023: kitambaa chembamba kikavu kilipandisha joto ndani ya kigari, na kilipoloweshwa maji kikalishusha. Katika hewa yetu ya pwani iliyojaa unyevu, ambamo hata kanga iliyofuliwa huchelewa kukauka, mimi nisingetegemea sana maji. Ningeacha pande zote wazi upepo upite, paa likakinga jua la juu, na saa nne isinikute ufukweni. Mtoto aliye chini ya miezi sita asikae kwenye jua la moja kwa moja hata kidogo.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini nina binti mwenye kigari cha namna niliyoieleza, cha mtumba, magurudumu makubwa ya upepo, kilichokuja na kontena kutoka Uingereza, nikaona aibu kumshauri mtu anunue kitu kwa pesa yake bila kukijaribu. Jumamosi moja ya maji mafu tukaenda pamoja, yeye, mtoto, na mimi, kwenye ufukwe ambao kwa sababu nitakayoieleza sitautaja jina.

Kwenye daladala tulikikunja. Konda akatutazama, akasema kigari nacho kilipe nauli, abiria wakacheka, tukalipa. Tuliposhuka, ilibaki safari fupi ya kutembea, ambayo mtu mzima mwenye afya huimaliza kwa dakika sita. Hapakuwa na njia ya waenda kwa miguu. Palikuwa na lami, kisha ukingo uliomegeka, kisha mtaro, kisha ukuta. Pale ambapo ukingo ulikuwa mpana, magari yalikuwa yameegeshwa. Tukasukuma kigari juu ya lami, mimi nikitembea upande wa nje kama mlinzi, pikipiki zikitupita karibu kiasi cha kupeperusha shuka la mtoto. Nilihesabu mara nne tulizolazimika kusimama na kusubiri.

Tukafika kwenye ukuta wa kwanza wenye geti. Mlinzi alikuwa kijana mwenye adabu. Alituambia ufukwe ni wa wageni wa hoteli, lakini tukinunua vinywaji tutaruhusiwa kupita. Akataja kiwango cha chini cha kununua. Binti yangu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hicho ni chakula cha nyumba yake cha siku mbili. Tukashukuru, tukaendelea. Ukuta wa pili ulikuwa na geti lililofungwa kwa kufuli. Kati ya ukuta wa pili na wa tatu kulikuwa na uchochoro, upana wake kama mita mbili, na hiyo ndiyo njia ya umma. Mdomoni mwake zimesimikwa nguzo tatu za zege kuzuia bodaboda. Kigari hakikupita kati yake. Tukamtoa mtoto, tukakikunja, tukakivusha kwa juu. Mwisho wa uchochoro kuna ngazi saba za matofali, mbili zimevunjika. Tukamtoa tena, tukakikunja tena.

Tulikuwa tumechagua gurudumu la kushinda mchanga. Kilichotushinda ni zege.

Pale juu ya ngazi, kivulini mwa ukuta, alikuwapo mzee anayeuza karanga na sigara, ameketi juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Ndiye aliyeninyooshea mkono kunishikia kigari wakati nashuka. Tuliporudi nilinunua karanga nikaketi naye kidogo. Amefanya biashara pale kwa miaka tisa. Nilimuuliza mara ya mwisho kugusa maji ilikuwa lini. Akanitazama kama mtu anayejiuliza iwapo anatania au anataniwa. "Mimi bahari naisikia tu, Mwalimu," akasema. Kutoka alipoketi hadi mchangani ni ngazi saba.

Nataka wasomaji wangu, hasa ninyi wanafunzi wa sheria mnaonifuata hapa, mzishike hizo ngazi saba vichwani mwenu tunapofungua vitabu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya fukwe, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za pwani miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Jirani zetu Wakenya wamekwenda mbali zaidi: Ibara ya 62 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Ni maandishi mazuri. Lakini yasomeni tena kwa macho ya mtu mwenye kigari. Yanalinda mchanga; hayasemi mtu ataufikiaje. Viwanja vya nyuma ya ufukwe vikishagawanywa na kuta kuungana, ufukwe unaweza kubaki wa umma kwenye kitabu cha sheria na ukawa wa faragha kwa kila mtu asiye na mashua. Huhitaji kupora ufukwe. Inatosha kupora uchochoro.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara yake ya 9 inahusu ufikikaji wa majengo, barabara na huduma zilizo wazi kwa umma. Ibara ya 30 inataja burudani, mapumziko na michezo kwa jina. Mwaka uliofuata, 2010, Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo yule mzee wa karanga hadai fadhila. Mama mwenye kigari hana mkataba wa kimataifa unaomtaja, lakini magurudumu yake na ya mzee yanapita njia moja, na pale yanapokwama, yanakwama pamoja. Ndiyo maana swali la kigari, ambalo tulilicheka wakati wa chai, ni kipimo rahisi cha mji kuliko ripoti zetu nyingi. Sukuma mtoto kutoka kituo cha basi hadi majini. Hesabu mara ulizomtoa kwenye kigari.

Najua jibu linalokuja. Nchi yetu ni maskini, vipaumbele ni maji, madawati na zahanati, na huyu mhadhiri anadai njia za kwenda kuogelea. Nimelisikia jibu hili kwa miaka mingi na limenichosha, kwa sababu halihesabu. Ngazi zile saba zina kimo cha mita moja na sentimita chache. Kwa mteremko wa kawaida unaokubalika kwa viti vya magurudumu, yaani kimo kimoja kwa urefu wa 12, zinahitaji njia ya mteremko ya mita 13 hivi. Ukuta uliojengwa pembeni yake ni mrefu kuliko hapo mara kadhaa, na zile nguzo tatu mtu alizigharimia. Saruji ilikuwapo. Fundi alikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza nani atapita hapa.

Wala si kweli kwamba hatujui kufanya. Pantoni la Magogoni huingiwa bila kupanda ngazi: gari, mkokoteni, kigari na baiskeli ya mzee vyote huingia kwa mteremko mmoja, kwa sababu lilibuniwa kubeba vyenye magurudumu. Vituo vya mwendokasi vilivyoanza kutumika mwaka 2016 vilijengwa na njia za mteremko na sakafu inayolingana na mlango wa basi. Forodhani, Unguja, ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ikawa mahali ambapo bibi, mtoto na mwenye mkongojo huketi jioni wakiitazama bahari bila kununua kinywaji cha lazima. Tunapoamua, tunajenga. Sasa ni wajibu wetu kuuliza ni kwa nani tumekuwa tukiamua.

Na hapa narudi kwa binti yangu, maana kuna jambo sikulisema mwanzoni. Yeye ni afisa mipango miji. Tulipokuwa tumeketi mchangani, mtoto akila mchanga kwa bidii, alikuwa kimya muda mrefu. Nikadhani mgongo unamuuma. Kisha akasema, "Mwalimu, uchochoro ule naujua. Kwenye mchoro una mita sita."

Jumatatu alilifungua jalada. Ni kweli, mchoro unaonyesha njia ya umma ya mita sita kutoka barabarani hadi ukingo wa bahari. Mita nne zimeliwa, mbili na ukuta wa upande huu, mbili na ukuta wa upande ule, kwa usawa wa kupendeza, kana kwamba majirani walikubaliana. Na kwenye karatasi ya kibali cha ukuta mmojawapo, miongoni mwa sahihi ndogo za wale waliopitia, ipo yake. Alikuwa mwaka wake wa kwanza kazini. Aliletewa rundo la majalada, akaambiwa wakubwa wameshaangalia, akatia sahihi. Hakuwa amewahi kufika pale.

Sikumlaumu. Nilimfundisha mimi, na katika mihula miwili ya somo langu tulichambua nadharia nyingi za haki ya mji, lakini sikumbuki hata siku moja niliyowatoa darasani na kuwaambia wasukume kitu chenye magurudumu kutoka kituoni hadi majini. Lawama hiyo naibeba. Lakini watumishi wa umma mnaosoma hapa, na najua mko wengi, hamna udhuru wa kungoja somo langu jipya. Majalada yako mezani kwenu. Futi kamba inauzwa dukani.

Binti yangu aliandika dokezo kwa mkuu wake, kurasa mbili, akaambatisha mchoro na vipimo vya uwandani, akaomba uchochoro upimwe upya na wenye kuta wapewe notisi. Sahihi yake ya zamani hakuificha. Aliitaja katika aya ya kwanza. Alijibiwa kwa mdomo kwamba suala ni nyeti, aliache kwanza. Neno nyeti, kwa wasiolifahamu ofisini, maana yake ni kwamba mwenye ukuta anajulikana. Mwenzake mmoja amemnong'oneza kwamba kuna nafasi ya uhamisho katika wilaya ya mbali. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika makala hii alikubali, kwa sharti kwamba nisiutaje ufukwe, halmashauri, wala kuta zile ni za nani, mpaka dokezo lijibiwe kwa maandishi. Nimelitii sharti hilo. Sijaahidi kulitii milele.

Kigari amenunua. Ni cha mtumba, magurudumu makubwa ya upepo, fremu ya alumini, la mbele linafungika. Pampu ya baiskeli ya fundi wa mtaani kwao inaingia kwenye tundu la upepo bila shida. Kwa sasa hakiendi ufukweni. Jumamosi jioni mumewe ndiye anayesukuma, yeye hutembea pembeni kama daktari alivyomwelekeza, wanapanda pantoni pale Magogoni, wanavuka hadi Kigamboni na kurudi. Mtoto hufungwa mikanda yake mitano, breki hufungwa, naye huyatazama maji kupitia kwenye vyuma vya ukingo. Dokezo lina wiki tatu leo.